Banda la Video Ndilo Lililokuwa Kituo: Televisheni Ilivyofika Mwandiga

Historia ya televisheni Tanzania huandikwa kwa kufuata minara. Huanzia Zanzibar, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Mapinduzi ilisimika kituo cha picha za rangi wakati majirani wake bado walikuwa wakitazama nyeusi na nyeupe. Kisha huruka miaka 20 hadi Dar es Salaam ya 1994, pale CTN, DTV na ITV ya Reginald Mengi zilipoanza kurusha matangazo, mwaka mmoja baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuwafungulia watu binafsi mlango. Hufuata televisheni ya taifa, TvT, iliyokuja miaka kama sita baadaye, halafu kuzimwa kwa mitambo ya analojia kulikoanzia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Ukiisoma historia hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, Mwandiga haina hata mstari mmoja. Mji huu mdogo wa njia panda, kilomita chache kutoka Kigoma mjini, pale barabara ya Manyovu inapoachana na ile ya Kasulu, haujawahi kuwa na kituo. Mawese, dagaa na migebuka hupanda kutoka ziwani, maharage na kahawa hushuka kutoka milima ya Kalinzi na Manyovu, na picha za televisheni huja kutoka mbali. Anayefuata minara atahitimisha kwamba hapa hakuna historia ya kuandika. Nadhani anakosea, na kosa lake ni la mahali pa kuanzia. Katika sehemu iliyokaa miongo mingi bila umeme wa uhakika, televisheni ya wenyeji haikuwa kituo. Ilikuwa banda: chumba chenye skrini moja, mabenchi, jenereta nyuma ya ukuta na kiingilio mlangoni. Humo ndimo watu walimochaguliwa picha, wakapangiwa saa, wakapewa sauti ya Kiswahili, na wakabishana kuhusu walichokiona. Anayetaka kujua televisheni ilivyoingia katika maisha ya pwani hii ya ziwa lazima aanze na banda hilo.

Kwanza tuone ucheleweshaji wenyewe, kwa sababu ndio uliolipatia banda nafasi. Kenya ilianza televisheni 1962, Uganda 1963, Kongo 1966. Hata Bujumbura, mji wa ziwa hilohilo la Tanganyika, ulipata televisheni 1984, miaka 10 kabla ya Dar es Salaam. Tanzania Bara haikuchelewa kwa bahati mbaya. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa ya watu wa mijini wenye umeme na fedha, ikaweka nguvu zake kwenye redio, ambayo betri chache ziliweza kuifikisha popote. Uamuzi huo umelaumiwa sana tangu milango ilipofunguliwa, na wanaoulaumu wana hoja: nchi ilikosa kizazi kizima cha mafundi wa picha, na picha za miaka yake muhimu kabisa zikabaki chache. Lakini ukiupima uamuzi huo ukiwa umesimama Kigoma, hukumu inabadilika. Kituo cha Dar es Salaam cha mwaka 1970 kisingefika Mwandiga, na kama mawimbi yake yangefika, yasingekuta umeme wa kuwasha seti. Redio ilifika. Na ilifika kwa namna iliyowazoesha watu kusikiliza pamoja. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza vipatavyo 75,000, kila kikundi na kiongozi wake, kitabu chake na redio yake. Ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya Operesheni Kigoma ya 1972, iliyowahamishia watu wa mkoa huu kwenye vijiji vilivyopangwa. Watu waliokuwa wamewekwa jirani na wageni wakaketi kuzunguka chombo kimoja, wakasikia kipindi, kisha wakajadili vyoo, malaria na maji ya kunywa. Redio ile haikuwa ya mtu kusikiliza peke yake kitandani. Ilikuwa na mkutano ndani yake.

Desturi ya kutazama picha pamoja, huku mtu akizieleza, ni kongwe kuliko redio hiyo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walianzisha mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, uliosimamiwa na Meja L. A. Notcutt, na magari yakazunguka Afrika Mashariki yakionyesha filamu hizo usiku katika viwanja. Sauti ilitoka kwenye sahani za gramafoni, au kwa mtu aliyeshika maikrofoni akieleza kwa lugha ya wenyeji kilichokuwa kikipita kwenye kitambaa. Nia ilikuwa ya kikoloni, na filamu zilimchukulia mtazamaji kama mtoto wa kufundishwa. Hata hivyo, waandaaji walilazimika kukubali jambo moja ambalo wenye vituo walilisahau baadaye: picha iliyotengenezwa kwingine haijitoshelezi, inahitaji mtu wa mahali hapo wa kuisemea. Magari ya sinema yaliendelea kuzunguka baada ya vita, na hata baada ya uhuru, yakibeba taarifa za serikali na filamu za kilimo. Kwa hiyo banda la video lilipokuja, halikuzua kitu kigeni. Lilichukua uwanja wa sinema ya gari, likauzungushia ukuta na kuutoza kiingilio.

Lilikuja kwa njia ya biashara. Kuanzia 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikotoka, na katika enzi ya ruksa ya Rais Ali Hassan Mwinyi seti za televisheni na deki za VHS zikasambaa katika nchi ambayo upande wake wa Bara haukuwa na kituo hata kimoja. Hili linashangaza ukilitafakari: kwa takriban miaka 10 Mtanzania wa Bara alimiliki televisheni isiyokuwa na cha kupokea. Dar es Salaam wachache walielekeza antena zao Zanzibar. Kwingine seti ilikuwa na maana ikiwa na deki, na deki ilikuwa na maana ikiwa na umeme. Hapo Kigoma ikawa na shida yake ya pekee. Mkoa huu ulikaa nje ya gridi ya taifa hadi Oktoba 2022. Mjini, TANESCO iliwasha majenereta ya dizeli, na dizeli yenyewe ililazimika kusafiri kutoka upande wa pili wa nchi. Vijijini na kwenye mialo ya wavuvi, mwenye kutaka umeme alijitengenezea. Seti, deki, jenereta, mafuta na mikanda ni gharama ambayo familia moja ya mkulima wa michikichi au mvuvi wa dagaa haikuweza kuibeba. Watu 60 wanaolipa kidogokidogo waliweza. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa banda, na ndiyo iliyoamua kwamba televisheni hapa itakuwa jambo la hadharani kabla ya kuwa jambo la sebuleni.

Mwenendo wa banda ulikuwa unajulikana nchi nzima. Nje, ubao wenye maandishi ya chaki: jina la picha, jina la steringi, saa ya kuanza, wakati mwingine na onyo kwamba watoto hawaruhusiwi. Ukuta wa miti na udongo au wa matofali mabichi, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na anayechungulia asione bure. Ndani, mabenchi ya mbao mbele kwa wadogo, nyuma kwa wakubwa, na seti imewekwa juu ya meza ndefu au ndani ya kasha lenye kufuli. Jenereta hukaa mbali kidogo ili mngurumo usishinde sauti ya spika. Mafuta yakiisha katikati ya picha, kelele huanza, mwenye banda hutoka na kidumu, na hadithi hungoja. Wahusika walijulikana kwa kazi zao kuliko kwa majina: steringi, jambazi, rafiki wa steringi ambaye lazima afe mapema. Steringi hafi, watu walisema, na akifa banda zima lilimdai mwenye mkanda maelezo.

Na ilikuwapo sauti. Picha zilitoka Hong Kong, India, Marekani, baadaye Nigeria, na watazamaji wengi hawakujua Kiingereza, sembuse Kichina. Uganda ilikuwa na watu waliokaa na maikrofoni wakieleza filamu kwa Kiganda huku zikionyeshwa, na wakawa maarufu kuliko waigizaji. Tanzania nayo ilipata wake. Anayekumbukwa zaidi ni Captain Derek Gaspar Mukandala, Lufufu, aliyerekodi maelezo yake ya Kiswahili juu ya filamu, na mikanda yake ikasafiri kutoka Dar es Salaam hadi mikoani. Baadaye alifuatia DJ Mack kwenye VCD na DVD. Hawakutafsiri neno kwa neno. Waliongeza majina ya mitaa, methali, maonyo kwa vijana, maelezo ya kwa nini mtu wa Los Angeles anafanya asichoweza kukifanya mtu wa Kariakoo. Wapo wasomi wa filamu walioona ni kuharibu kazi ya mwongozaji. Mimi naona walifanya kazi ambayo kituo chochote cha televisheni hulipa wahariri kuifanya: kuamua mtazamaji anahitaji kujua nini ili picha ya mbali imhusu. Kwa mkoa ambao kwa muda mrefu ulisikiliza matangazo kutoka Dar es Salaam, Bujumbura na ng'ambo ya ziwa, ambako Kiswahili cha Kongo na Kiha na Kirundi hukutana sokoni kila siku, msimulizi aliyelainisha lugha hakuwa pambo. Bila yeye picha ingebaki bubu.

Kuna pingamizi la haki hapa. Atasema mtu kwamba banda linaonyesha tu, halitangazi. Kituo cha televisheni hutuma ishara kwa watu wengi kwa wakati mmoja, kina leseni, kina habari za siku. Banda linacheza mkanda kwa waliomo chumbani. Kwa kipimo cha fundi wa mawimbi, pingamizi hili halina jibu, na sikusudii kulijibu kwa kipimo hicho. Lakini televisheni ya mahali haikuwahi kupimwa kwa mawimbi peke yake, hata huko ambako vituo ni vingi. Mfano mzuri upo Kanada, nchi yenye televisheni za miji tangu miaka ya 1950. Mwaka 1967 Bodi ya Taifa ya Filamu ya nchi hiyo ilimpeleka mwongozaji Colin Low katika kisiwa cha Fogo, Newfoundland, kwa wavuvi waliokuwa wakishinikizwa na serikali wahamie kwingine. Alitengeneza filamu fupi zaidi ya 20 za wavuvi wakizungumza, akazionyesha katika vijiji vya kisiwa hichohicho, kijiji kimoja kikisikia kingine. Hakukuwa na mnara wala masafa. Kulikuwa na projekta, ukumbi na mazungumzo baada ya picha. Wavuvi wakaanzisha ushirika, wakabaki kisiwani, na Wakanada wenyewe huuhesabu mradi huo miongoni mwa mizizi ya televisheni yao ya jamii. Kama ukumbi wa Fogo unaingia katika historia ya utangazaji, banda la Kigoma haliwezi kuachwa nje kwa sababu tu ya kukosa antena ya kurushia. Tofauti iliyopo ni nyingine, na ni nzito: Fogo walijiona wenyewe kwenye kitambaa. Mwandiga walimwona Bruce Lee. Hapo ndipo banda lilipopungukiwa, na nitalirudia jambo hili.

Pingamizi la pili ni la wazazi na walimu, nalo halifai kupuuzwa. Mabanda yalivuta watoto kutoka shuleni. Yalionyesha picha za kuua na za uchi bila kujali nani amekaa benchi la mbele. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 ilitaka maonyesho yawe na kibali na filamu zikaguliwe, na mabanda mengi yalifanya kazi kana kwamba sheria hiyo haikuandikwa. Madhara hayo ni ya kweli, na anayeandika historia ya banda kwa kulisifu tu anawakosea watoto waliopotezea humo miaka ya darasa. Ninachokataa ni hitimisho lililotolewa kutokana na madhara hayo, kwamba banda lilikuwa uhuni wa kufagiliwa. Serikali hiyohiyo miaka 20 kabla ilijua namna ya kuketisha watu kuzunguka redio na kuwapa kiongozi wa mjadala. Ilipoona watu wameketi wenyewe, kwa fedha zao, mbele ya skrini, ilituma mgambo. Hakuna aliyepeleka mkanda wa kipindupindu, wa uvuvi haramu au wa ugonjwa wa michikichi kwa mwenye banda akamwomba aucheze dakika 10 kabla ya picha ya saa mbili usiku. Nafasi hiyo ilikuwa wazi kwa zaidi ya muongo mmoja, na ilipotezwa.

Kisha vituo vikaja kweli, na vikalibadilisha banda kabla ya kulipunguza. Matangazo ya Dar es Salaam yalipoanza kupatikana kwa setilaiti, ungo mkubwa ulisimama juu ya paa, na mpira wa miguu ukachukua saa zilizokuwa za kung fu. Banda, ambalo watu waliliita pia kibanda umiza, likawa la Ligi Kuu ya Uingereza, baadaye la Simba na Yanga. Kuhamia dijitali kulikoanza 2012 kulimtaka kila mwenye seti anunue king'amuzi, na kwa watu wengi wa mikoani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutazama televisheni kuhitaji malipo ya kila mwezi nyumbani. Azam TV iliingia mwishoni mwa 2013 na kuufanya mpira wa ndani kuwa bidhaa ya king'amuzi. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano ilizuia kampuni za malipo zikiwemo Azam, DStv na Zuku zisibebe chaneli za ndani ambazo sheria inataka zitazamwe bure. Nia ilikuwa kulinda haki ya mwananchi, lakini mwenye king'amuzi kimoja ghafla akakosa habari za nchi yake mwenyewe mpaka anunue cha pili. Mkanganyiko huo uliwarudisha wengine kibandani, kwa kuwa mwenye kibanda ndiye aliyekuwa na ving'amuzi vyote. Umeme wa gridi ulipofika mkoani 2022, sebule ikashinda hatimaye.

Anayepinga hoja yangu kwa mara ya mwisho atasema kwamba Kigoma ya leo haina haja ya banda kwa kuwa imejaa kwenye televisheni. Mbunge mzaliwa wa Mwandiga, Zitto Kabwe, alijulikana nchi nzima Agosti 2007 aliposimamishwa bungeni kwa hoja ya mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, na vikao vya Bunge vilipokuwa vikirushwa moja kwa moja wapiga kura wa Kigoma Kaskazini waliweza kumwona mtu wao akisema. Wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika 2012 katika wimbo wa Leka Dutigite, na majina kama Diamond Platnumz na Ali Kiba hayahitaji utangulizi. Uwanja wa Lake Tanganyika ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho tarehe 25 Julai 2021, Simba wakaifunga Yanga 1-0, na tangu timu ya Mashujaa ya Kigoma ilipopanda Ligi Kuu 2023 kamera huja mara kwa mara. Yote ni kweli, na yote yanathibitisha jambo lilelile. Kamera huja, hupiga, huondoka. Uwanja huohuo ulionekana duniani Mei 2015 ulipojaa wakimbizi wa Burundi walioletwa na MV Liemba kutoka Kagunga, na waliousimulia walikuwa waandishi wa kigeni na wa Dar es Salaam. Januari 2016 serikali ilipotangaza kwamba televisheni ya taifa, sasa ikiitwa TBC, haitarusha tena Bunge moja kwa moja, kwa maelezo ya gharama, watu wa Mwandiga walipoteza dirisha ambalo hawakulijenga na hawakuwa na sauti ya kulitetea. Kuonekana kwa hisani ya mwingine ni jambo la kushukuru, lakini halifanyi mahali kuwa na televisheni yake.

Ndiyo maana upungufu wa banda nilioutaja, kwamba lilionyesha wengine tu, bado haujazibwa na vituo vikubwa. Unaanza kuzibwa na simu. Vijana wanapiga picha za soko, za barabara, za vikao vya kijiji na za mpira wa mchangani, na kuziweka mtandaoni kwa Kiswahili cha Kigoma. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwawekea mwanzoni ada iliyofikia karibu shilingi milioni 2.1 kwa pamoja, kiasi cha kumfukuza kijana wa Mwandiga kabla hajaanza. Ada hizo zimepunguzwa tangu hapo, na zinapaswa kupunguzwa zaidi kwa watangazaji wa ngazi ya kata na wilaya, kwa sababu ileile iliyoifanya redio ya betri kuwa chaguo sahihi miaka ya 1970: chombo cha mahali lazima kiwe cha bei ambayo mahali hapo panaimudu.

Wakati hilo likisubiriwa, ipo kazi isiyohitaji leseni. Wenye mabanda wa miaka ya 1980 na 1990 sasa ni wazee. Mikanda yao inaota ukungu, mbao zao zimegeuzwa kuni, na hesabu zao za kiingilio zilizoandikwa kwenye madaftari ya shule zinatupwa mtu anapohama nyumba. Walimu wa historia wa sekondari za Kigoma na Halmashauri ya Wilaya wanaweza kuwatuma wanafunzi wakawahoji wazee hawa, wakapiga picha kilichobaki, na kukihifadhi maktaba ya mkoa. Wafanye hivyo mwaka huu, wazee wangali wapo wa kuulizwa.